Umepona, lakini kidole hakikunjiki

Chupa ya chai ndiyo iliyonisuta. Ilikuwa Machi 2018, nyumbani Mombasa. Homa ya chikungunya, ile iletwayo na mbu, ilikuwa imeniacha tangu katikati ya Januari, kazini nilikwisha kurudi, na wa kunipa pole walikwisha kunipa. Alfajiri hiyo nilishika kifuniko cha chupa nikifungue, vidole vikagoma. Kuuma viliuma, lakini kuuma nilikwisha kukuzoea; jipya lilikuwa hili la kutokunjika, kana kwamba mtu alikuja usiku akavitia gundi kwenye maungio. Nikaibana chupa kwa magoti na kuizungusha kwa viganja viwili. Sebuleni shangazi yangu, aliyeugua siku chache kabla yangu, alikuwa akisali juu ya kiti. Magoti yalimkatalia kusujudu. Mbuzi yake ya kukunia nazi ilikuwa chini ya meza tangu mwaka mpya, na mchuzi tulikuwa tukiupika kwa nazi iliyosagwa kwa mashine sokoni, jambo ambalo kwa mwanamke wa rika lake ni sawa na kushindwa kesi.

Ofisini, mwenzangu mmoja aliniona nikishuka ngazi upandeupande kama kaa. Si mtu mbaya, na aliuliza kwa nia njema kabisa: "Wewe si ulipona?"

Sikuwa na jibu. Nikisema ndiyo, nimedanganya. Nikisema la, itabidi nieleze mbona sina homa, mbona nakula, mbona niko kazini. Nikacheka, nikasema "ni uzee tu," nikaendelea na ngazi.

Ugonjwa wenyewe ulikwisha kulijibu swali lile kwa jina lake. Chikungunya ni neno la Kimakonde. Lilitoka Newala, kwenye uwanda wa juu wa Makonde kusini mwa Tanganyika, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Watu waliwaona jirani zao wakiangushwa na homa ya ghafla, kisha wakiinuka wamejipinda, mgongo umeinama, mikono haifunguki, mguu unaburutwa. Wakautaja kwa kitenzi chao cha kujikunja na kukakamaa: kinachokunja. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, W.H.R. Lumsden akaeleza jinsi ulivyoenea, maandishi yao yakachapishwa 1955, na kirusi kikapatikana katika damu ya wagonjwa wa mlipuko huohuo. Jina la wanakijiji halikubadilishwa. Leo daktari wa Brazili au wa India hutamka Kimakonde kila siku bila kujua.

Tazama walichokichagua. Homa ilikuwa kali, nao hawakuuita homa. Vipele vilikuwapo, hawakuuita vipele. Waliutaja kwa kile ambacho huja na homa na kisha hukataa kuondoka nayo. Sayansi ilihitaji miongo mitano hivi kukifikia kwa takwimu kitu ambacho Newala walikisema kwa neno moja.

Homa ya chikungunya kwa kawaida haizidi wiki. Baada ya hapo waganga hugawa muda mafungu matatu: wiki tatu za mwanzo ni ugonjwa mkali, kutoka hapo mpaka miezi mitatu ni kipindi cha katikati, na yapitayo miezi mitatu huitwa ugonjwa sugu. Wanaofika fungu hilo la tatu si wachache. Tafiti hazikubaliani juu ya idadi, maana kila mmoja hupima kwa namna yake, lakini ni nyingi zinazokuta kwamba kati ya watu kumi walioumwa, watatu au wanne bado wana maumivu ya viungo baada ya miezi mitatu. Aghalabu ni vifundo vya mikono na miguu, vidole na magoti. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Waliopita miaka 45 huumia zaidi, na wanawake kuliko wanaume, na yule aliyekuwa na viungo vibovu kabla ya homa, na yule ambaye homa ilimchapa sana tangu siku ya kwanza. Sababu kamili bado inajadiliwa: wako wanaosema mabaki ya kirusi hujificha ndani ya tishu za viungo, wako wanaosema ni kinga ya mwili iliyopigana na adui ikasahau kuweka silaha chini. Huenda ni yote mawili. Kwa mwenye kidole kisichokunjika, tofauti hiyo haimfungulii chupa.

Sisi wa pwani tulikuwa tunayajua mabaki haya muda mrefu kabla ya Newala. Mwaka 1870 Unguja ilikumbwa na ugonjwa ambao watu waliuita kidinga pepo. James Christie, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi mjini, aliuandikia, na akaeleza kwamba wazee walipouona walisema wanaujua. Ulikwisha kupita miaka karibu 47 nyuma, yaani 1823. Wataalamu wengi wa lugha wanaona jina dengue, lililozunguka dunia likaturudia kwa tahajia ya Kizungu, lina asili katika kidinga hicho, na Watanzania mpaka leo huiita dengue kidingapopo. Hapa ndipo pana mchezo mtamu wa historia. Karne moja baadaye, 1971, mtafiti aitwaye Carey aliyapitia maandishi hayo ya zamani akahoji kama ule ulikuwa dengue kweli. Hoja yake ilisimama juu ya viungo. Dengue huvunja mifupa kwa siku zake kisha huachia. Ugonjwa wa Unguja uliwaacha watu na maumivu yaliyokwenda na kurudi. Kwa hiyo, akasema, huenda ulikuwa chikungunya. Yaani kilichowezesha kuutambua ugonjwa miaka mia baadaye hakikuwa homa yake. Kilikuwa malalamiko ya watu waliokwisha kuhesabiwa kuwa wazima.

Nimelitaja hilo kwa sababu siku hizi malalamiko hayo hayaandikwi popote.

Chukua Lamu. Katikati ya 2004 mlipuko ulianzia pale. Ulikuwa wakati wa ukame, na ukame na chikungunya ni marafiki kinyume na mtu anavyodhania: mvua ikikosekana watu huweka maji ndani, kwenye mitungi, madumu na mapipa, maji hayo hukaa siku nyingi, na Aedes, yule mbu mwenye madoa meupe anayeuma mchana, hupenda kuliko kitu kingine maji ya nyumbani yaliyotulia. (Newala ilikuwa vivyo hivyo. Uwanda wa Makonde hauna maji, na vyombo vya kuyahifadhia ndivyo vilivyomlea mbu.) Oktoba 2004 damu za wakazi wa Lamu zilipopimwa, ilikadiriwa kwamba asilimia 75 ya watu wa kisiwa, kama 13,500, waliambukizwa. Watu watatu kwa kila wanne! Kirusi kikashuka Mombasa, 2005 kikawa Ngazija ambako karibu theluthi mbili ya watu walipatwa, halafu Mayotte, Mauritius, Shelisheli na Réunion, na 2006 kikalipuka India kwa zaidi ya watu milioni moja na laki tatu. Ilikuwa safari ileile ya majahazi, safari hii bila msimu wa kusi na kaskazi.

Sasa uliza: kati ya wale 13,500 wa Lamu, wangapi mwaka mmoja baadaye walikuwa bado hawawezi kuvuta nyavu, kukoroga udongo wa kupakia ukuta, kushona kofia za vito? Jibu ninaloweza kukupa ni la Réunion. Kule waliugua watu karibu 266,000, kiasi cha theluthi ya kisiwa, na kwa kuwa Réunion ni sehemu ya Ufaransa, yenye bima, mafaili na madaktari bingwa wa viungo, wagonjwa walifuatiliwa. Katika utafiti mmoja, miezi 15 baada ya homa, waliopona kabisa walikuwa 43 katika kila 100. Waliobaki ama maumivu hayakuwahi kukatika, ama yalikatika yakarudi. Kila daktari wa Mombasa anayemweleza mgonjwa wake atarajie nini, anamsomea habari za Réunion. Kirusi ni kimoja, mlipuko ni mmoja na bahari ni moja, na kisiwa kilichoambukizwa baadaye ndicho kinachotufundisha sisi tulioambukizwa mwanzo.

Na mlipuko wangu mimi, ule wa Mombasa? Hadi mapema Februari 2018 walioandikwa walikuwa 453, na waliothibitishwa maabara 32. Mtu yeyote aliyeishi mjini miezi ile atacheka. Mtaani kwetu peke yake ningeweza kukuhesabia nyumba. Sidai kwamba kuna aliyeficha. Wengi hatukwenda hospitali, na walioenda waliambiwa ni malaria wakapewa dawa ya malaria, kisha homa ikaisha siku ya sita kama ambavyo ingeisha hata wangekunywa maji ya moto. Dawa ikapata sifa. Lakini athari ya hesabu hiyo ni hii: mtu ambaye hakuwahi kuandikwa kuwa aliugua, hawezi kuandikwa kuwa hajapona.

Kuna neno katika Kiswahili ambalo nadhani tumelidharau. Nafuu. Mgonjwa akiulizwa hali hujibu "nina nafuu," na kila msikilizaji anaelewa barabara: hajapona, lakini hayuko alipokuwa. Ni hali kamili yenye jina lake, kama asubuhi na jioni. Na tunayo mengine: hajambo kidogo, yu tabani, hajajiweza, ametoka kitandani. Lugha yetu imepanga vyumba vingi baina ya mgonjwa na mzima. (Kwamba nafuu hiyohiyo ni bei ya chini sokoni, sijui aliyeiunganisha alikuwa na maana gani, ila nafuu yangu mimi ilikuwa ghali.) Ingia sasa hospitali utazame daftari. Amelazwa, ameruhusiwa, amefariki. Wizara ikitoa taarifa ya mlipuko: walioambukizwa, waliopona, waliokufa. Chumba cha nafuu hakimo. Aliye nafuu hutupwa kwenye safu ya waliopona, na safu hiyo ndiyo husomwa kwenye runinga kwa sauti ya kujipongeza.

Lugha ya watu ina ukweli ambao daftari limeukosa, na kosa hilo linaonekana dogo mpaka uone linavyozaa.

Linazaa kwanza kazini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kwa kila miezi 12. Siku 14. Aliyekaa akaandika hivyo alikuwa anafikiria malaria, au mguu uliovunjika kwa bahati nzuri. Homa ya chikungunya peke yake inakula siku za mshahara kamili, na wiki ya pili unapojifunza upya kuvaa shati, umeanza kulipwa nusu. Vuka Lungalunga uingie Tanzania: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Mbu ni yuleyule kwa Horohoro na kwa Lungalunga, ila kidole kilichovimba upande mmoja kina haki ambayo cha upande wa pili hakina. Nasifu sheria ya Tanzania na sioni haya. Ila hata hiyo hudai cheti cha daktari, na daktari ataandikia nini mtu asiye na homa, ambaye damu yake ni safi, anayesema asubuhi vidole havikunjiki ila saa nne hivi hulegea? Tena ni lazima uumwe saa ambayo zahanati iko wazi.

Na haya ni ya wenye mwajiri. Fundi cherehani, mpara samaki, mwosha nguo za watu, bodaboda anayeshika breki kwa vidole hivyohivyo, mama wa mahamri anayekanda unga saa kumi ya usiku: hao sheria haina habari nao. Kwa wao ugonjwa sugu wa viungo ni kupunguza kazi kimyakimya, kumtoa binti shule aje akande unga, kukopa duka la karibu. Hakuna mlipuko uliotangazwa, hakuna msiba, hakuna harambee. Familia huteremka ngazi moja na watu husema biashara siku hizi ni ngumu.

Linazaa pia dharau, hasa kwa wanawake, nao ndio wanaoachwa na maumivu haya zaidi. Mwanamume akisema viungo vinamuuma huambiwa apumzike. Mwanamke husikia kwamba amezeeka, amenenepa, ana mawazo, ana jini, au anakwepa jiko. Shangazi yangu aliletewa shehe wa kumsomea kabla hajaletewa daktari. Kusomewa hakukumdhuru, na kwa kweli siku hiyo alilala vizuri. Kilichotaka kumdhuru ni sindano.

Mgonjwa ambaye hospitali imemfunga faili haachi kutafuta. Huenda duka la dawa, na pale kuna mtu atakayemchoma "sindano ya viungo," au kumpa vidonge vilivyofungwa karatasi bila jina, vinavyofanya kazi kwa namna ya kutisha: jioni unameza, asubuhi unakimbia. Mara nyingi dawa za miujiza ya namna hii huwa ni steroidi. Hupunguza uvimbe kweli, lakini zikikatizwa maumivu hurudi kwa hasira, na zikiendelea kwa miezi hupandisha sukari na presha, hulainisha mifupa, huvimbisha uso. Shangazi alikuwa na sukari tangu zamani. Vidonge vile alivimeza siku tisa kabla binamu yangu, ambaye ni muuguzi, hajaviona mezani akavichukua bila kuomba ruhusa. Ule ugomvi wao mpaka leo haujaisha vizuri. Na diklofenaki nayo, ambayo kila nyumba ya Mombasa inayo, si ya kuchezea siku za homa: dengue na chikungunya hufanana mno mwanzoni, na dawa za jamii hiyo na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu kwa mwenye dengue. Ndiyo maana ushauri wa siku za mwanzo ni parasetamoli, maji mengi, na subira. Zile dawa nzito hutakiwa baadaye, mkononi mwa mtu anayejua kupima figo na ini. Kuchua kwa mafuta ya uvuguvugu na kuvinyoosha viungo taratibu kila siku kumewasaidia wengi, mimi nikiwemo, na ni ushauri ambao hata wataalamu wa mazoezi ya viungo wangekupa, kama ungewapata.

Nisije nikaeleweka vibaya. Si kila goti linaloniuma ni la Januari 2018. Nina miaka yangu. Baridi yabisi ipo, kifua kikuu cha mifupa kipo, na yako magonjwa ya viungo ambayo huanza yenyewe katika umri uleule na ambayo yakicheleweshwa huharibu mkono moja kwa moja. Hatari ya kusema "ni mabaki ya chikungunya" ni kwamba neno hilo linaweza kuwa blanketi jipya la kufunikia uvivu wa kuchunguza, kama "malaria" lilivyokuwa. Mtu ambaye viungo vimevimba kwa zaidi ya miezi mitatu anastahili kupimwa upya, tangu mwanzo, kama mgonjwa mpya. Faili lililofungwa ndilo linalomnyima hicho.

Korona ilitupa nafasi ya kujifunza, tukaiacha ipite. Jina Long Covid, yaani korona ndefu, ambalo dunia sasa inalitumia kwa waliobaki na uchovu, kukosa pumzi, kusahau maneno katikati ya sentensi, halikutungwa na daktari. Lilianzishwa Mei 2020 na mgonjwa, mwanaakiolojia Elisa Perego wa Italia, aliyeandika mtandaoni juu ya korona yake isiyokwisha. Shirika la Afya Duniani lilitoa tafsiri rasmi Oktoba 2021: dalili zilizopo miezi mitatu tangu kuugua, zikadumu angalau miezi miwili, na zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Ni Newala tena, maana wenye maumivu ndio waliotangulia kulipa jambo jina. Lakini Afrika Mashariki wangapi waliweza kuitumia tafsiri hiyo? Tanzania ilinyamazisha hesabu zake mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na mapema 2021 watu walikuwa wakiugua na kuzikana kwa jina la "changamoto ya upumuaji." Nina rafiki Tanga, mwalimu, aliyeshindwa kupanda ngazi za shule yake kwa mwaka mzima. Alikuwa na changamoto ya upumuaji, kisha akawa na baki la changamoto ambayo rasmi haikuwa ugonjwa. Na Kenya, tuliokuwa tukisomewa hesabu kila alasiri? Safu zilikuwa zilezile tatu.

Hapo pana jambo moja la kutenganisha, maana nimeona watu wakilichanganya kwa gharama yao. Kiungo kilichokakamaa kwa chikungunya hupenda kusogezwa. Uchovu wa baada ya korona, kwa baadhi ya watu, hukataa: ukijilazimisha leo, kesho na keshokutwa huinuki. Yule mwalimu wa Tanga aliambiwa na kila mtu akimbie asubuhi ili "afungue mapafu," naye kila akikimbia alilala siku mbili. Mabaki ya virusi si ugonjwa mmoja, na anayekupa dawa moja kwa yote, awe na koti jeupe au mkoba wa mitishamba, mkimbie.

Wanaosema mambo haya ni anasa ya nchi tajiri, nawapeleka Beni, mashariki mwa Kongo. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ulipata wagonjwa 3,470, na 2,287 wakafa. Eneo lile lilikuwa na vita, barabara mbovu na watu wasioiamini serikali, na vituo vya matibabu vilishambuliwa kwa silaha. Hata hivyo waliopona, zaidi ya elfu moja, walifunguliwa kliniki zao Beni, Butembo na Mangina. Waliitwa kila mwezi. Macho yalipimwa, kwa kuwa Ebola huacha uvimbe ndani ya jicho unaoweza kupofusha miezi kadhaa baada ya mtu kwenda nyumbani. Maumivu ya viungo yaliandikwa, usingizi uliulizwa, hofu ilizungumzwa. Najua sababu moja kubwa ya ukarimu huo: kirusi cha Ebola huweza kukaa katika shahawa za mwanamume aliyepona, na dunia ilitaka kumwangalia kwa usalama wake yenyewe. Iwe ni hofu au ni huruma, daftari lilipatikana. Safu ya nne iliandikwa, katika mji ambao risasi zilisikika usiku. Mombasa haina udhuru huo, wala Dar es Salaam, iliyopigwa na dengue 2014 na tena 2019.

Ninachokidai si hospitali mpya. Tangu 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wenye simu mkononi, wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Mlipuko ukitokea wanaandika majina. Waandike tena baada ya siku tisini, maswali manne tu: unafunga ngumi? Unachuchumaa? Umerudi kazi uliyokuwa ukifanya? Unameza nini? Hilo la mwisho ndilo lingeokoa figo nyingi. Kisha wale walioshindwa kufunga ngumi wapelekwe kwa mganga aliyefundishwa hata siku mbili tu kutofautisha kiungo cha kuchuliwa na kiungo cha kupelekwa kwa bingwa. Miaka miwili ya maswali hayo ingetupa takwimu zetu wenyewe za kupeleka bungeni pale siku 14 zinapotetewa.

Chanjo nayo imekuja na kuyumba. Ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, zaidi kwa ajili ya wasafiri wanaokuja huku kwetu, na Agosti 2025 leseni yake ikasimamishwa kulekule kwa wasiwasi wa madhara makali. Ipo nyingine iliyofuata. Newala ilitoa jina na damu ya kwanza. Sijamsikia bado mtu wa Newala aliyechanjwa.

Jumapili iliyopita nilimpigia shangazi. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza aonaje hali. "Nafuu," akasema, kama ambavyo amekuwa akisema kwa miaka. Mbuzi ya nazi aliwahi kumpa mke wa jirani, akasema haina kazi nyumbani kwake. Mwezi haukuisha akaenda kuiomba. Iko chini ya meza.